Mkono wa Baba, Mafuta ya Mama

Mama yangu aliuza benye miaka yote ya utoto wangu, na watu waliozila, wakinikuta hata leo, wananiambia zilikuwa tamu. Najua zilikuwa tamu. Mimi ndiye niliyekuwa nikisugua karai lake kwa majivu, sina haja ya kukumbushwa. Wasichoniuliza ni jinsi zilivyouzwa, na jinsi baba yangu alivyouzwa pamoja nazo. Basi nitasema bila kuulizwa.

Benye ni maandazi madogo ya duara. Unachota unga ulioumuka kwa mkono, unaukamua kati ya kidole gumba na ngumi, unaudondosha kwenye mafuta. Mama alizikaangia juu ya pusupusu, mkokoteni wa mbao wenye magurudumu mawili ya gari bovu. Baba ndiye aliyeiunda, kwa mbao za masanduku alizopewa na mzungu wake wa magasini, duka kubwa alikofanya kazi, wakati baba alipokuwa bado na mzungu na magasini ilipokuwa bado na masanduku. Sisi tulikaa Bukavu, mtaa wa Kadutu, juu mlimani. Wenye pesa walikaa chini, Ibanda, kando ya ziwa. Kila alfajiri tuliteremka na pusupusu iliyojaa, mama mbele akiizuia kwa mgongo, mimi nyuma nikiivuta kwa kamba isije ikamkanyaga. Mchana tuliipandisha ikiwa nyepesi, nami nikakimbilia shule, maana darasa letu lilisoma baada ya saa sita. Mahali petu palikuwa kwenye kona ambapo barabara inakata kwenda Muhumba. Hapo, jua likichomoza, walitokea walinzi wa usiku wa majumba ya wakubwa, mazamu kama tulivyowaita, wametetemeka usiku kucha, na kila mmoja alitaka kitu cha moto kabla ya kupanda kwao.

Biashara ile ilikuwa na hesabu yake, na mama aliijua kuliko sala ya Baba Yetu. Unga ulinunuliwa leo ukaliwa leo. Makaa vivyo hivyo. Hamira ilikuwa imepotea madukani, kwa hiyo aliumua unga kwa mashapo ya kasiksi, pombe ya ndizi, aliyochota bure kwa jirani aliyeipika. Bei haikupandishwa ovyo, kwa sababu mteja akisikia bei mpya anakasirika. Iliyobadilika ni benye yenyewe: ilipungua kidogo kidogo, mpaka ile ya mwaka huu ingeweza kujificha ndani ya ile ya mwaka jana. Jandarme, askari wa serikali, alikula bure. Mtoza ushuru wa komini alikula bure, akapangusa mdomo, kisha akadai ushuru. Hayo yote mama aliyameza. Kitu kimoja tu hakukubali kiguswe, nacho ni mafuta. Mafuta ya mawese hayaishi kwa siku moja. Yanakaa karaini, unayachuja, unayaongezea, na yakipotea huna biashara tena hata kama una magunia ya unga. Mtaji wetu wote ulikuwa unachemka mle ndani.

Juu ya hesabu hiyo kulikuwa na sheria nyingine, na wauzaji wote wa barabara ile waliishika kuliko amri za kanisa, ingawa Jumapili wote walikuwa misani. Mtu wa kwanza kununua asubuhi ndiye aliyesemwa kuwa anafungua. Mkono wake ukiwa mwepesi, siku inakwenda yenyewe. Ukiwa mzito, mvua inanyesha, unga unachacha, jandarme anakuja na ndugu zake. Anayefungua hakopeshwi wala hapunguziwi, na likuta yake, sarafu ndogo ya wakati ule, mama aliigusisha kwenye paji la uso, kisha kwenye ukingo wa karai, kabla ya kuifunga kwenye pindo la kitenge. Kulikuwa na zamu mmoja mwenye chongo ambaye mkono wake ulijulikana kuwa mwepesi kupita yote. Huyo wauzaji walimgombania asubuhi kama bibi harusi, na sidhani kama kuna mwanamke mwingine aliyewahi kumtamani.

Baba yangu alikuwa na mkono mzito.

Nani alisema? Mama alisema. Kwanza serikali ilitoa amri kwamba mali za wageni wapewe wananchi. Mzungu wa baba akaondoka, na magasini ikapewa mkubwa mmoja ambaye aliuza kila kilichokuwa rafuni, kisha akauza rafu, kisha akafunga mlango. Baba akapata kazi kwa mwenye lori, na lori likatumbukia bondeni kwenye barabara ya Mwenga. Akapata kazi ya kubeba magunia kwenye tanuri la mikate, na ngano ikaacha kufika. Mwenye akili angesema nchi ndiyo iliyokuwa inakufa. Mama alisema ni mkono wa baba. Halafu asubuhi moja, kwa utani, baba alimpa mama likuta na kumwambia amuuzie kama mteja. Siku hiyo mvua ilinyesha mpaka mchana na unga wote ukachacha. Basi, kesi ikawa imekwisha. Nilitamani kumuuliza mama, ikiwa mkono wa baba ndio uliofunga maduka yote ya Bukavu, mbona hawajamwita Kinshasa wakampa uwaziri? Sikumuuliza. Nilipenda kula.

Tangu hapo baba hakuruhusiwa kutoka kitandani kabla pusupusu haijapita kona ya kwanza. Hakuruhusiwa kuigusa, yeye aliyeiunda. Gurudumu likilegea, mama alimlipa fundi. Benye alikula zilizobaki, jioni, zikiwa zimepoa na kukakamaa. Na alikubali. Baba alikuwa mtu mpole, na katika nyumba yetu hilo lilikuwa kosa kubwa kuliko mkosi.

Kiangazi kimoja akaja mwanamke kijana kutoka Mwenga, mtoto mgongoni, akaegesha pusupusu yake ndogo ng'ambo ya barabara, mkabala na sisi. Mume wake alikuwa ameingia kwenye mashimo ya dhahabu na hakuna aliyejua kama atatoka. Benye zake zilikuwa kubwa, kubwa kama zetu za zamani, na kila mnunuzi alimwongezea kadogo kamoja ka bure, matabishi. Mazamu walianza kuvuka barabara. Hata mwenye chongo alivuka. Mama alitazama siku chache. Mimi nilingoja ugomvi, nikiutamani hasa, lakini mama alisema tu kwamba biashara haigombi. Kesho yake alfajiri akamtingisha baba kitandani.

"Papa ya batoto, amuka. Leo utashuka na siye."

Baba alidhani amesamehewa. Alivaa abakosti yake, suti isiyo na tai, ya enzi za magasini, akachana nywele, akatembea nyuma ya pusupusu akiwasalimia watu. Tulipofika kona, mama alimtia likuta mkononi.

"Enda kule kwa ule mama. Ununue benye moja. Uwe wa kwanza."

"Benye yake? Na za kwetu?"

"Za kwetu utakula mangaribi. Enda mbiyo, mazamu banatoka."

Akavuka. Nilisikia yule mwanamke akimkaribisha kwa sauti ya furaha: "Karibu papa, weye njo unanifungulia leo! Kamata na matabishi." Baba alikula amesimama palepale, akipuliza, akihamisha benye kutoka mkono huu kwenda huu. Aliporudi midomo yake iling'aa mafuta.

"Iko muzuri," alimwambia mama.

"Najua," mama akajibu.

Ikawa kazi yake ya kila asubuhi. Je, alijua anatumwa kufanya nini? Nimejiuliza mara nyingi. Nafikiri alijua tangu siku ya kwanza, na alikula hata hivyo, kwa sababu ilikuwa ya moto na yule mwanamke alimwita papa kwa heshima. Kwa likuta moja kwa siku mama alikuwa amemwajiri mume wake kumtilia mtu kitumbua chake mchanga. Hakuna silaha iliyokuwa rahisi zaidi Bukavu nzima.

Na ilifanya kazi? Yaliyompata yule mwanamke yalikuwa yale yale yaliyotupata sisi sote. Jandarme alikula bure kwake, kama kwetu. Mvua ilimlowesha, kama sisi. Unga wake ulichacha siku moja, wetu ulikuwa umechacha mara ngapi. Kisha mtoto akashikwa na homa, na mtoto gani Bukavu hakushikwa na homa? Lakini zamu mmoja, kwa kupenda maneno, akamwambia yule papa wa abakosti ni nani, na tangu dakika hiyo kila kilichompata kikawa na mwenyewe. Alivuka barabara na kusimama mbele ya karai letu.

"Maman, ni kweli ule papa ni bwana yako?"

"Ni bwana yangu."

"Na bantu banasema iko na mukosi mu mukono."

"Bantu banasemaka mingi."

"Basi sababu gani unamutumaka kwangu kila asubui?"

Mama aligeuza benye kwa kijiti chake, moja moja, bila haraka. "Miye nilikutumia kliya, mutu wa kununua. Alilipa ao hakulipa?"

Baba alikuwa amesimama pembeni yangu, na alianza kutazama viatu vyake.

"Mutoto yangu iko mugonjwa, maman."

"Umupeleke ku hopitali," mama akasema, na kwa kuwa mteja alikuwa amefika, akamgeukia mteja.

Yule mwanamke hakurudi tena ng'ambo ile isipokuwa mara moja, kuuza vitu vyake. Mama alinunua mafuta yake, kwa bei anayopewa mtu anayeondoka, akayachuja akayamimina ndani ya yetu. Walisema amerudi Mwenga. Mtoto sijui kama alipona. Kona yetu haikuuliza.

Lakini wauzaji wengine walikuwa wameona, na kila mmoja alijua kwamba mama akimkasirikia, kesho asubuhi atafunguliwa na baba. Walimwogopa mama, kwa hiyo walimwendea baba. Muuza mahindi, mama mnene mwenye sauti ya kanisani, ndiye aliyesema kwa niaba ya wote: "Papa, tunakuheshimu. Lakini usipitake huku mbele jua haijapanda. Mangaribi utapita, na kila mutu atakupatia kitu." Baba alishukuru. Alishukuru! Ikawa kila jioni anapita na kikapu, anakusanya mabaki kwa mabaki: hindi lenye punje ngumu, ndizi iliyoungua, benye za kuvunja jino. Alilipwa kwa kutonunua. Mama aliona ni faida, akapunguza chakula cha nyumbani.

Asubuhi moja tu alivunja mapatano. Alikuwa amembebea mtu mzigo bandarini na amepata makuta yake mwenyewe, na alitaka kununua kitu cha moto kwa pesa yake. Nilimwona kutoka kwenye kona yetu akija barabara nzima, na mbele yake vifuniko vikishuka juu ya makarai. "Sijafungua, papa." "Pita kwanza, papa." "Uzunguke kidogo." Wazee walisema mkono mtupu haulambwi, wa baba hata ukiwa na pesa haukulambwa. Alipofika kwetu hakusimama hata. Alitupita akitazama ziwa, kana kwamba ametoka kutazama ziwa.

Nililia siku hiyo, kwa hasira kuliko huzuni. Mama aliniambia moshi umeniingia machoni, nisogee.

Hatimaye padri wa parokia yetu alimtafutia kazi ya uzamu Muhumba, kwenye lango lililokuwa karibu kuliko yote na kona yetu. Walimpa koti kubwa la kijani na rungu. Mama alihesabu mshahara kwa vidole. Wiki hiyo hiyo mvua zilikuwa zimekata barabara ya Shabunda na mafuta yamepanda kiasi cha kutia kizunguzungu, naye mama alikuwa ametoa akiba yote akanunua bidoni zima, dumu lililojaa, kabla hayajapanda tena. Karai lilijaa mpaka ukingoni. Hapakubaki nyumbani hata likuta ya chumvi.

Asubuhi ya kwanza baba alipomaliza zamu yake, alitoka langoni kabla wenzake wa majumba ya chini hawajapanda. Benye za kwanza zilikuwa zimetoka kwenye mafuta, zinachuruzika kwenye kichujio. Alikuja moja kwa moja, koti likimfika magotini, likuta mkononi.

"Mama ya batoto, jambo. Unipatie benye mbili za moto."

"Ngoja. Benzako bafungue kwanza."

"Miye njo wa kwanza. Bo beko nyuma."

"Nimesema ngoja."

Wenzake wakafika, mwenye chongo akiwa kati yao, wakajipanga nyuma yake wakipulizia viganja. Mmoja akacheka. "Maman, umuuzishie bwana yako! Ao unamuogopa?" Wote wakacheka. Baba alisubiri kicheko kipite. Kisha aliweka likuta juu ya ubao, akanyoosha mkono wake wa kuume, akachukua benye mbili mwenyewe. Aliuma moja.

"Iko ya moto," aliniambia mimi, si mama, na akacheka mdomo ukiwa umejaa. Sikuwahi kumwona akicheka hivyo, na nilimpenda mno dakika ile. Alikuwa na kazi, alikuwa na koti, na amenunua kifungua kinywa chake kama watu wengine.

Mama aliitazama ile likuta juu ya ubao. Akazungushia mikono yake pindo za kitenge, akashika masikio ya karai, akaliinamisha. Mafuta yote yalikwenda mtaroni. Makaa yalilipuka moshi, mazamu wakaruka nyuma, mmoja akapiga ishara ya msalaba. Kisha mama alilipindua beseni la unga juu ya mafuta yaliyomwagika.

"Imeshafunguliwa na mukosi," alisema. "Siuzishe."

Baba alibaki ameshika benye ya pili. Mimi nilipiga magoti kuchota mafuta kwa kopo, nikapata tope jekundu, mama akaniambia niache ujinga. Mbwa walikuja wakalamba unga.

Hatukuwahi kupata mtaji mwingine. Pusupusu ilinunuliwa na mtu wa kubeba maji, aliyetaka magurudumu tu. Mshahara wa zamu ndio uliotulisha kuanzia hapo, miaka mingi, ukanilipia shule na kumlipia mama vitenge, na ulitoka katika mkono ule ule. Hilo mama hakuliona. Kwa kila aliyemuuliza kuhusu benye zake alikuwa na jibu moja: "Si nilibaambiya? Alifungua siku moja tu, biashara ikakufa." Na watu walitikisa kichwa, wakamwonea huruma, hata mazamu waliokuwepo. Mara moja tu nilishindwa kuvumilia.

"Mama, ni weye ulimwanga mafuta."

"Na nani alinifanya nimwange?" akaniuliza, kwa mshangao wa kweli kabisa.

Ningeweza kuishi na hilo. Mama alikuwa mama. Ambacho sikuweza ni kwamba baba alimwamini. Mshahara alianza kuutoa kwa mkono wa kushoto, jambo ambalo kwetu ni tusi, na mama akaupokea bila kulalamika. Akaacha kuwasalimia watu kwa mkono. Wajukuu wa jirani wakimkimbilia, aliutia mfukoni mwa lile koti.

Siku ya harusi yangu, kabla ya kwenda kanisani, nilipiga magoti sebuleni mbele ya wageni ili baba aniwekee mkono kichwani na kuniombea, kama mabinti wote wanavyofanyiwa. Niliinamisha kichwa nikangoja. Nilisikia wageni wakikohoa.

"Tonton yako njo atakubariki," baba akasema, akimwonyesha mdogo wake.

"Papa, miye nataka weye."

"Unataka nyumba yako ikufe?"

Nilimshika kifundo cha mkono, nikauvuta kuelekea kichwani kwangu, mbele ya watu wote, shela ikanianguka. Alijinasua kwa nguvu ambayo sikujua anayo. Macho yake yalikuwa na hofu, na hofu yenyewe ilikuwa kwa ajili yangu.

"Muache," mama akasema kutoka mlangoni. "Sasa amepata akili."

Mdogo wake baba akainuka, akaniwekea kichwani mkono uliokuwa unanuka kasiksi, akaomba maombi marefu. Nilipoinua macho, baba alikuwa ameegemea ukuta, mkono wake ndani ya mfuko, ananitazama akitabasamu, kwa sababu alidhani ameniokoa.